Tunguu Huchaguliwa kwa Mvua Yake

Nakala ya mada kwa wakazi wa kata kuhusu upandaji wa maua ya matunguu nyumbani



Mada hii inahusu maua. Huenda yupo atakayeuliza maua yana nini cha kuzungumzwa mbele ya mpunga, korosho na samaki. Jibu ni kwamba maua yamekwisha kuingia majumbani, na yameingia kwa fedha ya mkazi. Siku hizi picha ya ua zuri la Afrika Kusini huonekana kwenye simu, muuzaji hutaja bei, fedha hutumwa, na baada ya siku kadhaa mkazi hupokea kifurushi chenye kitu kinachofanana na kitunguu. Hukipanda, hukimwagilia asubuhi na jioni, na baada ya mwezi mmoja hukuta kimeoza. Lawama hupewa udongo wa Kibiti, au mkono wa mpandaji. Mara nyingi kosa haliko kwenye udongo wala kwenye mkono. Kosa ni kuchagua tunguu kwa sura ya ua badala ya kulichagua kwa mvua iliyolilea.

Lipo na jambo la pili, zito kuliko fedha. Mengi ya matunguu hayo yana sumu, na sura yake inafanana na vyakula ambavyo watu wa Pwani wamezoea kuvichimba na kuvila. Kwa sababu hiyo, anayependa maua na asiyeyapenda wote wana haja ya kuijua mada hii.

Tunguu ni nini

Tunguu ni sehemu ya mmea inayokaa chini ya udongo ikiwa imejaa akiba ya chakula na maji. Kitunguu cha jikoni ni mfano ulio karibu zaidi: mtu akikikata hukuta maganda manene yaliyopangwa moja juu ya jingine, na katikati kuna chipukizi linalosubiri. Maua mengine yana akiba iliyo gumu kama kiazi, bila maganda. Watunza bustani huyaweka yote katika kundi moja kwa sababu tabia yake ni moja: yana msimu wa kukua na msimu wa kulala.

Msimu wa kulala ndio unaowapoteza wengi. Majani hunyauka, hugeuka manjano na kukauka, na chungu hubaki na udongo mtupu. Mwenye nyumba hudhani mmea umekufa. Mmoja huutupa jalalani, mwingine huuongezea maji kwa huruma. Aliyeutupa ametupa mmea ulio hai, na aliyeuongezea maji ameuozesha. Tunguu lililolala halinywi maji; maji hayo hukaa yakilizunguka mpaka lioze. Njia ya kupima ni rahisi. Mkazi aufukue udongo kidogo na kulibonyeza tunguu kwa kidole gumba. Likiwa gumu, liko hai na lisubiriwe. Likiwa laini na kutoa harufu mbaya, limeoza na litolewe mapema lisiyaambukize mengine.

Mvua mbili za Afrika Kusini

Afrika Kusini inasifika duniani kwa maua ya namna hii. Mwaka 1772 bustani ya Kew ya Uingereza ilimtuma Francis Masson kwenda Rasi ya Tumaini Jema kukusanya mimea, na tangu wakati huo matunguu ya nchi hiyo yamesambaa katika bustani za mabara mengi. Lakini Afrika Kusini ni nchi pana, na mvua zake si za aina moja.

Upande wa magharibi, karibu na Cape Town, mvua hunyesha wakati wa baridi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti, na kiangazi chake ni cha joto na ukavu. Huko ndiko yalikotoka maua kama frisia, Ixia, Sparaxis na Lachenalia. Matunguu yake huamka baridi inapoanza na hulala joto linapokuja. Frisia, kwa mfano, huhitaji wiki kadhaa za udongo wenye ubaridi wa takriban nyuzi 15 ili litengeneze maua. Pwani ya Tanzania haina baridi ya namna hiyo, hata katika usiku wa Julai. Tena, mvua za vuli huyakuta matunguu hayo yakiwa usingizini, na joto lenye unyevu humalizia kazi ya kuyaozesha. Mkazi wa Bungu au wa Nyamisati anayenunua frisia ananunua majani ya miezi michache. Maua hayo yanafaa zaidi nyanda za juu zenye baridi.

Upande wa mashariki, katika KwaZulu-Natal na maeneo ya jirani, hali ni tofauti. Mvua hunyesha wakati wa joto, takriban Oktoba hadi Machi, na ukavu huja katikati ya mwaka. Kalenda hiyo iko karibu na ya Kibiti, yenye vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, masika kuanzia Machi hadi Mei, na kiangazi kuanzia Juni hadi Septemba. Tunguu la mashariki likiletwa Kibiti huamka kwa mvua na kulala kwa ukavu, kama lilivyozoea kwao.

Swali la kwanza la mnunuzi, kabla ya bei, liwe hili: tunguu hili kwao hunyeshewa wakati wa joto au wakati wa baridi? Muuzaji asiyeweza kujibu hajui anachokiuza.

Majina nayo huchanganya. Lile ua kubwa jekundu linaloonekana katika nyua nyingi za Tanzania, lenye shina nene lililo wazi ndani na maua kama tarumbeta, huitwa amarilisi na huuzwa kama ua la Afrika Kusini. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na jina lake la kitaalamu ni Hippeastrum. Amarilisi halisi ya Afrika Kusini, Amaryllis belladonna, ni mmea wa Rasi unaopenda mvua za baridi. Anayelipa bei kubwa kwa ajili ya jina la amarilisi ajue kwanza ni ipi anayouziwa. Ile ya Amerika hustawi Pwani, na mara nyingi jirani anayo tayari na anaweza kugawa vichipukizi vyake.

Maua manne yanayoifaa Pwani

La kwanza ni Scadoxus multiflorus. Hili hutoa duara jekundu kama mpira, lililoundwa kwa maua madogo mengi ambayo huweza kufikia 200 katika shina moja. Aina moja ya ua hili, iliyo maarufu katika bustani za ng'ambo, ni ya mashariki ya Afrika Kusini. Aina nyingine ya ua hilohilo ni mzaliwa wa Afrika ya kitropiki, Tanzania ikiwemo, na huchanua porini mvua zinapoanza. Hupenda kivuli cha mti, kama kile cha mwembe au mkorosho, na udongo usiotuamisha maji. Shingo ya tunguu iwe sawa na uso wa udongo.

La pili ni Crinum, lenye tunguu kubwa, majani marefu na maua meupe au yenye michirizi ya waridi yanayonukia jioni. Jamii hii ina aina nyingi kutoka Afrika Kusini hadi Afrika Mashariki, na baadhi yake huota katika mabonde yanayojaa maji kwa msimu. Kwa hiyo linawafaa wakazi wa mabondeni kuliko maua mengine yote yanayotajwa hapa. Shingo yake ibaki juu ya udongo. Halipendi kuhamishwahamishwa, likihamishwa leo huweza kukaa msimu mzima au zaidi bila kuchanua. Mwenye nyumba achague mahali pa kudumu tangu mwanzo.

La tatu ni Gloriosa superba, mmea unaotambaa na kupanda juu ya fito au ua wa miti kwa kutumia ncha za majani yake. Maua yake yana petali nyekundu zenye kingo za manjano, zilizopinda kuelekea juu kama ndimi za moto. Huota kuanzia Afrika Kusini hadi Afrika ya kitropiki na Asia, na Zimbabwe imelifanya ua la taifa. Akiba yake ni kiazi chembamba, mara nyingi chenye umbo la herufi V, na chipukizi hutoka kwenye ncha yake. Ncha ikivunjika, kiazi hakioti. Kilazwe ubavu, kina cha sentimita 5 hadi 8. Ua hili ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote, na maelezo yake yanafuata.

La nne ni gladiola. Nyingi zinazouzwa madukani zimetokana na uzao wa mimea ya Afrika Kusini, mmojawapo ukiwa Gladiolus dalenii, ambao huota pia Afrika Mashariki. Gladiola hukatwa na kupambwa harusini na kwenye nyumba za ibada. Tangu kupandwa hadi kuchanua huchukua takriban siku 70 hadi 100. Kwa Pwani, ni vyema ipandwe mwishoni mwa masika, Mei au Juni, mvua kubwa zikiwa zimepungua, ichanue katika miezi yenye nafuu ya joto. Ipandwe kina cha sentimita 10 hadi 12, na nafasi ya sentimita 15 kati ya shina na shina. Baada ya ua kukatwa, majani yaachwe mpaka yaanze kukauka, kwa sababu ndiyo yanayojaza akiba ya msimu ujao. Kisha mmea ung'olewe na kukaushwa kivulini. Juu ya kiazi kilichopandwa huwa kimeota kiazi kipya.

Udongo, maji na chombo

Tunguu huogopa maji yaliyotuama kuliko linavyoogopa njaa. Udongo wa kichanga wa maeneo ya juu ya Kibiti unafaa, ukichanganywa na mboji iliyooza vizuri. Udongo mzito wa mabondeni uongezewe mchanga wa mto na pumba za mpunga zilizochomwa. Samadi mbichi isitumike, kwani huunguza na kuozesha.

Wakazi wa delta wana adui mwingine, nayo ni chumvi. Mchanga wa ufukweni usitumike kabisa, na maji ya kisima yenye ladha ya chumvi yasimwagiliwe kwenye matunguu. Yatumike maji ya mvua yaliyokingwa. Mahali ambapo maji hupanda, chombo ni bora kuliko bustani ya chini: ndoo iliyopasuka, kopo kubwa, chungu au kiroba, mradi kitobolewe matundu chini na kuinuliwa juu ya mawe au kichanja.

Chombo kina faida nyingine. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliyozikumba Rufiji na Kibiti yaliwakumbusha watu kwamba kilichopandwa bondeni hakina hakika. Mmea ulio kwenye ndoo huhamishwa pamoja na vyombo vya nyumbani. Tunguu lililolala huchukuliwa hata bila udongo: hufungwa ndani ya karatasi au mfuko wa kitambaa, huning'inizwa mahali pakavu penye hewa, na hukaa salama kwa wiki kadhaa. Mfuko wa plastiki usitumike kwa sababu huzuia hewa.

Kuhusu maji, kanuni ni fupi. Majani yakichipua, maji yaanze. Majani yakiwa mabichi, maji yaendelee kila udongo wa juu unapokauka. Majani yakianza kugeuka manjano, maji yapunguzwe. Yakikauka, maji yakome mpaka chipukizi jipya litokeze. Gladiola iliyopandwa baada ya masika ndiyo itakayohitaji kumwagiliwa wakati wa kiangazi, kwa kuwa hapo ndipo inapokua.

Mdudu wa kuangaliwa sana ni kiwavi mwenye michirizi myeusi na ya manjano anayekula majani ya Crinum na jamaa zake. Huja kwa wingi na huweza kumaliza mmea hadi ndani ya tunguu. Dawa ya kwanza ni macho na mikono: majani yakaguliwe kila siku mvua zikianza, na viwavi waokotwe mapema wakiwa bado wachache.

Sumu

Ndugu wananchi, sehemu hii isisahauliwe hata kama nyingine zitasahauliwa.

Scadoxus na Crinum zina sumu inayosababisha kutapika na kuharisha kukali. Scadoxus limewahi kutumiwa katika sehemu mbalimbali za Afrika kama sumu ya mishale na ya kuvulia samaki. Jambo hilo pekee latosha kueleza nguvu yake. Gloriosa ina sumu iitwayo kolichisini katika kila sehemu, na nyingi zaidi imo katika kiazi na mbegu. Aliyeila huweza kukaa saa kadhaa bila dalili, kisha hutapika na kuharisha, na katika siku zinazofuata viungo vya ndani huweza kushindwa kufanya kazi. Huko Asia ya Kusini watu wamekufa kwa kudhani kiazi hicho ni kiazi cha kuliwa.

Kosa hilo huweza kutokea hapa pia. Watu wa Pwani na mikoa ya kusini wana maarifa ya kale ya viazi vya porini. Ming'oko huchimbwa na kuliwa. Ndiga, yenye sumu, hukatwakatwa na kulowekwa kwa muda mrefu kabla ya kuliwa wakati wa njaa. Maarifa hayo ni hazina, lakini yasihamishiwe kwenye maua. Kuloweka na kuchemsha kusichukuliwe kuwa kunaifanya Gloriosa au matunguu haya kuwa salama. Mtoto aliyemwona bibi yake akichimba ming'oko anaweza kuchimba kiazi cha Gloriosa kwenye ua wa nyumba akidhani ni kilekile.

Kwa hiyo, nyumba yenye matunguu ifuate mambo manne. Kwanza, tunguu la ua lisiwekwe jikoni wala ghalani pamoja na vitunguu na viazi. Lifungwe peke yake na kuandikwa jina. Pili, Gloriosa isipandwe karibu na bustani ya viazi wala mahali watoto wadogo wanapocheza, na mbuzi wasifungwe karibu nayo. Tatu, mikono inawe kwa sabuni baada ya kushika matunguu. Nne, watoto waambiwe wazi kwamba ua hili hutazamwa tu, haliliwi.

Ikitokea mtu amekula, apelekwe mara moja kituo cha afya au hospitali hata kama anajisikia mzima, na sehemu ya mmea ichukuliwe ili mganga auone. Asilazimishwe kutapika, na asisubiri dalili.

Kununua, kuchimba na kuzalisha

Mimea inayotoka nje ya nchi huingia kwa kibali na cheti cha afya ya mimea, chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yaani TPHPA. Utaratibu huo una sababu. Tunguu lililofichwa kwenye mzigo huweza kubeba minyoo, ukungu au virusi ambavyo havipo mashambani mwetu, na mkulima wa vitunguu au mbogamboga ndiye atakayelipa gharama. Anayeagiza mwenyewe auliziwe kibali kabla ya kutuma fedha. Anayenunua kwa muuzaji wa ndani adai kuoneshwa.

Wapo watakaosema kwamba kama Scadoxus na Crinum zipo porini, basi njia rahisi ni kuchukua jembe. Ndani ya hifadhi za misitu, uvunaji wa mazao ya misitu bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Na hata penye ruhusa, kung'oa tunguu ni kumaliza mmea uliochukua miaka kukua. Mbegu zipo, na hazimalizi mama. Crinum hutoa mbegu nono kama punje kubwa za kijani, nyepesi kiasi cha kuelea juu ya maji, na huweza kuota hata zikiwa mezani bila udongo. Scadoxus hutoa matunda madogo mekundu. Nyama yake huondolewa kwa kuvaa glovu au mfuko mkononi, na mbegu hupandwa mbichi, zikifunikwa kidogo tu. Mmea wa Scadoxus utokanao na mbegu huchukua takriban miaka 3 hadi 5 kuchanua. Ni muda mrefu, lakini mpapai na mkorosho vilevile havikuzaa siku vilipopandwa, na subira huvuta heri.

Kwa kina mama na vijana wanaofikiria kuuza maua, hapo ndipo faida ilipo: mmea uliozalishwa nyumbani kwa mbegu au kwa vichipukizi, uliozoea udongo na mvua za hapa, hauna gharama ya kuagizwa. Auzaye amwambie mnunuzi mambo mawili bila kuulizwa: kwamba mmea utalala kiangazi, na kwamba una sumu. Mnunuzi aliyeelezwa hayo hatarudi kulalamika kwamba ameuziwa mmea mfu, na mtoto wake atakuwa salama.

Mwenye swali kuhusu udongo, wadudu au mmea asioufahamu afike kwa afisa ugani wa kata au wa kijiji chake, akiwa na jani au picha ya mmea. Kabla ya vuli kuanza, kila mwenye chungu kinachoonekana kitupu akibonyeze kwanza kilichomo kwa kidole gumba, ndipo aamue kama ni cha kutupwa.